Unapoagiza Fulana za Sare, Unanunua Nini Hasa?

Siku hizi ni vigumu watu ishirini kukutana kwa jambo lolote bila mmoja wao kuuliza habari za fulana. Harusi ina fulana za kamati, msiba una fulana zenye picha ya marehemu, klabu za jogging za Dar es Salaam zina zake, vikoba vina zake, kwaya vivyo hivyo, na Mei Mosi ikifika kila taasisi inataka wafanyakazi wake waandamane wakiwa wamevaa rangi moja kuanzia kofia. Oda hizo huishia Kariakoo, River Road ya Nairobi au Nasser Road ya Kampala, mitaa ambayo mtu hutembea akipita mlango baada ya mlango wa wachapaji. Na malalamiko yanayorudi kutoka huko yanafanana kila mahali: maandishi yamebanduka, nyekundu imekuwa ya waridi, XL haimtoshi mtu wa L, mzigo umefika sherehe imekwisha.

Lawama zote hutupiwa fundi. Fundi anayo ya kwake, na nitayasema. Lakini sehemu kubwa ya kasoro hizo huwa imeshaamuliwa kabla wino haujafunguliwa, siku oda ilipotolewa, na aliyeiamua ni mteja mwenyewe bila kujua kwamba anaamua. Mteja anaamini ananunua fulana, wakati kwa uchapaji wa skrini kitu kikubwa anachonunua ni maandalizi. Asipolielewa hilo, hawezi kuelewa bei anayotajiwa, wala hawezi kujua ni wapi anaweza kubana na ni wapi akibana ataumia.

Skrini ni fremu ya mbao au alumini iliyowambwa kitambaa cha poliesta chenye matundu madogo sana. Zamani kitambaa hicho kilikuwa hariri. Samuel Simon wa Manchester ndiye aliyeisajili njia hiyo Uingereza mwaka 1907. Fundi anaipaka skrini emulsheni, dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Mchoro unachapwa kwa weusi mzito kwenye filamu angavu, filamu inalazwa juu ya skrini, kisha vyote vinawekwa kwenye taa kali. Karakana ndogo nyingine hutumia jua la saa sita. Palipopigwa na mwanga dawa inaganda na kuziba matundu. Palipokingwa na weusi wa mchoro inabaki laini na kuoshwa kwa maji. Hapo skrini inakuwa imefunguka kwa umbo la mchoro tu. Wino unamwagwa juu yake, unakokotwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira, unapenya na kukaa kwenye kitambaa kilicholazwa chini.

Kanuni inayotawala kazi yote ni kwamba kila rangi ina skrini yake. Nembo ya rangi tatu inahitaji filamu tatu na skrini tatu, na zote zipangwe zikutane mahali pamoja bila kupishana hata milimita moja. Kazi hiyo ya kupanga ndiyo iliyorahisishwa na meza ya mzunguko yenye mikono kadhaa, ambayo Mmarekani Michael Vasilantone aliiombea hataza mwaka 1967 na kuipata 1969. Karakana nyingi za kwetu zina meza ya mikono minne au sita, na pale ambapo hamna meza hiyo fundi anatumia bawaba mbili na jicho lake. Anayeifahamu khanga ameishi na kanuni hii tangu utotoni: kila rangi inayoongezwa ina gharama yake, na khanga nyingi hujitosheleza kwa rangi chache na bado zikapendeza kwa mbali. Wanaochora nembo za taasisi wangejifunza mengi kwa kukaa dakika tano mbele ya duka la khanga kabla ya kutuletea nembo zenye rangi saba zinazoyeyukiana.

Sasa bei. Tuchukue hesabu ya mfano, isiwe bei ya duka lolote. Tuseme maandalizi ya rangi moja, yaani filamu, skrini na kuifunga mezani, ni shilingi 25,000. Fulana pleni, kama wafanyabiashara wanavyoiita isiyochapwa kitu, ni 6,000. Kukokota wino ni 500 kwa kila rangi kwa kila fulana. Mteja ana nembo ya rangi tatu na anataka fulana 12. Maandalizi ni 75,000, na yakigawanywa kwa 12 kila fulana inabeba 6,250. Ongeza fulana yenyewe na wino, inafika 13,750. Mteja huyohuyo akiagiza fulana 100, maandalizi yanashuka hadi 750 kwa kila moja na bei inakuwa 8,250. Akiagiza 300 inakuwa 7,750.

Tazama mteremko huo ulivyo. Kutoka fulana 12 hadi 100 kila moja imepungua kwa shilingi 5,500. Kutoka 100 hadi 300, oda ikiwa imekua mara tatu, imepungua kwa 500 tu. Mteja wa fulana 300 anayepiga meza akidai apunguziwe nusu kwa kuwa analeta mzigo mkubwa anapigania kitu ambacho hakipo tena kwenye maandalizi. Fundi akikubali kushusha, punguzo litatoka mahali pengine, na mahali penyewe ni kitambaa, wino au muda wa kukausha.

Kwa oda ndogo hesabu inageuka. Mteja wa fulana 12 akikubali nembo ya rangi moja badala ya tatu, bei yake inashuka kutoka 13,750 hadi karibu 8,600. Hakuna kubembeleza kutakakompa punguzo kama hilo. Na akichagua fulana nyeusi atambue kwamba rangi angavu hazionekani juu ya kitambaa cheusi mpaka zitandikiwe weupe kwanza, na weupe huo nao ni skrini. Rangi tatu juu ya nyeusi ni skrini nne. Kwa hiyo ushauri wa kweli hutegemea idadi: kwenye oda ndogo punguza rangi, kwenye oda kubwa acha kubishana na rangi na uangalie kitambaa. Nimeona kamati nyingi zikifanya kinyume chake, zikishikilia rangi tano kwa fulana 15, halafu kwenye fulana 400 zikinunua kitambaa kinachopitisha mwanga.

Fulana 12 za rangi tano, kwa kweli, hazifai kwenda kwenye skrini kabisa. Kuna njia nyingine, na mchapaji mwaminifu atakuambia. Iliyosambaa zaidi miaka ya karibuni ni DTF: mchoro unachapwa kwa mashine kwenye filamu, unanyunyiziwa unga wa gundi, kisha unapigwa pasi ya mashine juu ya fulana. Haijali idadi wala rangi, na picha ya marehemu inatoka kama ilivyopigwa studio. Udhaifu wake ni kwamba mchoro mkubwa unakuwa ngozi ya plastiki kifuani, na kwa joto la Dar mwezi wa pili aliyeivaa atajua. Kwa jezi za poliesta nyeupe kuna sablimesheni, ambako wino unageuka mvuke kwa joto la karibu nyuzi 200 na kuingia ndani ya uzi wenyewe, hivyo hauna cha kubanduka, lakini pamba haiupokei. Majina na namba za wachezaji hukatwa kwenye vinili na kubandikwa. Kofia na fulana za kola, zile ambazo Watanzania wengi huziita fomu siksi, hupendeza zaidi kwa darizi kama nembo ni ndogo. Skrini inabaki mfalme kuanzia fulana thelathini au arobaini kwenda juu, pale mchoro unapokuwa na rangi chache zilizo wazi.

Kuhusu kitambaa, wateja huuliza swali moja tu: ni pamba? Wauzaji nao wana jibu moja tu: ndiyo, pamba tupu. Swali linalofaa ni la uzito, unaohesabiwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba. Fulana iliyo chini ya gramu 150 ni nyepesi. Ile ya 180 hadi 200 ina mwili. Namba hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye katoni au kwenye lebo, na muuzaji anayejua biashara yake anaitaja bila kutafuta. Anayesema hajui, ishike fulana juu uitazame kwenye mwanga, kisha ingiza mkono ndani. Ukihesabu vidole vyako, umejibiwa.

Fulana za kampeni ndizo zilizotuharibia macho katika hili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, lakini fulana na kofia za vyama hazijawahi kukauka mitaani, Tanzania wala Kenya. Zinaagizwa kwa maelfu, nyepesi, zenye mchoro uliokusudiwa kuonekana mpaka siku ya kura. Mtu aliyezoea kupewa fulana bure kila miaka mitano anaona shilingi elfu kumi na tano kwa fulana nzuri ni wizi. Halafu anataka hiyo ya kununua idumu miaka mitatu.

Mchanganyiko wa pamba na poliesta si dhambi. Unakauka haraka, haupauki upesi, na kwa wakimbiaji poliesta ni bora kuliko pamba inayolowa jasho na kuning'inia. Tatizo liko kwenye poliesta iliyotiwa rangi kali, hasa nyekundu na kijani. Wino mweupe ukikaushwa juu yake kwa joto kubwa, rangi ya kitambaa inapanda na kuingia kwenye wino. Siku ya kwanza mchoro ni mweupe, wiki ya pili ni wa waridi. Kuna wino maalumu unaozuia hilo na unaokauka kwa joto la chini. Ni ghali, na fundi hatautumia kama hukumwambia kuwa fulana ni poliesta. Mteja anayeleta fulana zake mwenyewe, alizozinunua kwa bei nzuri ghorofa ya tatu Kariakoo bila kusoma lebo, ndiye anayekutana na janga hili mara nyingi, na ndiye asiye na wa kumdai.

Hapa tumefika kwenye kosa la fundi, na ni moja kubwa kuliko mengine yote. Wino unaotumika zaidi kwenye fulana ni plastisoli, ambao haukauki kwa upepo hata ukiachwa mwezi mzima. Unaiva kwa joto: tabaka lote la wino, kuanzia juu hadi linapogusa uzi, linapaswa kufikia karibu nyuzi 160 za Selsiasi. Kiwandani fulana hupita kwenye mkanda ndani ya tanuri. Kwenye karakana ndogo hupigwa na mashine ya pasi, au na kikausho kinachoning'inizwa juu yake kwa sekunde kadhaa. Fundi mwenye haraka anagusa juu, anaona hakumnati kidole, anaikunja. Juu pameiva, chini pabichi. Fulana hiyo inapendeza mpaka ifuliwe, ndipo mchoro huanza kupasuka. Wino wa maji, ambao huingia kwenye pamba na kuacha kitambaa laini, nao unahitaji joto lake baada ya maji kukauka.

Kasoro hii haionekani kwa macho siku ya kupokea mzigo, na ndiyo maana inashamiri. Lakini inapimika. Shika mchoro kwa mikono miwili uvute kwa upole: wino ulioiva unanyumbuka na kurudi, mbichi unapasuka na kuonyesha kitambaa. Bora zaidi, pewa sampuli moja iliyochapwa kwa wino na fulana zilezile, nenda nayo nyumbani, ifue kama unavyofua siku zote, kisha ndipo uruhusu nyingine. Mchapaji anayekataa kutoa sampuli kwa oda ya fulana mia amekwisha kukueleza kitu. Ni kweli sampuli ya skrini ina gharama, kwa kuwa skrini zote lazima ziwe tayari. Kwa hiyo usiiombe kama hisani. Kubali kulipia maandalizi kwanza, fulana ya kwanza itoke, uikague, uendelee. Pesa hiyo ungeilipa hata hivyo.

Lipo jambo lingine ambalo mteja hulijua akiwa amechelewa. Duka lililokupokea linaweza kuwa halina hata skrini moja. Lina meza, kompyuta, mabango mazuri mlangoni na kijana mwenye lugha tamu. Kazi inapelekwa kwa fundi mwingine uani au mtaa wa pili, na huyo naye siku akizidiwa anampa wa tatu. Mtu wa kati si mwizi. Anasimamia, anakimbizana na fulana, anabeba lawama, na kwa mteja asiye na muda huduma hiyo ina thamani. Ubaya wake ni kwamba maelekezo yanapita midomo mitatu, na ile rangi uliyosema iwe ya samawati iliyokoza inafika ikiwa bluu. Uliza waziwazi ni nani atakayechapa na kama unaweza kuiona meza. Jibu lolote linafaa, mradi ni la kweli.

Tuje kwenye mchoro. Njia ya kawaida ya kuupeleka kwa fundi ni kupiga picha bango la zamani la chama na kulituma kwa WhatsApp. WhatsApp huibana picha ili isafiri haraka, na kilichofika ni kivuli cha kilichotumwa. Fundi akikipanua hadi upana wa kifua, kingo za herufi zinakuwa ngazi. Hapo anachora upya kwa kukisia, na ndipo jina la Mtakatifu msimamizi wa jumuiya linapoingia herufi iliyokosewa. Kama nembo ilichorwa na mtaalamu, mwombe faili la mistari, ambalo hupanuliwa bila kuharibika. Wachapaji wa kwetu wengi hutumia CorelDRAW, na PDF iliyotokana na programu ya namna hiyo nayo inafaa. Kama ni picha tu, iwe kubwa: kwa kuchapa ukubwa wa A4 wenye ubora kamili inatakiwa kuwa na takriban pikseli 2,480 kwa 3,508. Itume kama hati, isitumwe kama picha, ili isibanwe.

Rangi nazo ziandikwe kwa namba. Simu yako na kompyuta ya fundi hazionyeshi nyekundu moja, na wino hauoni simu. Vitabu vya rangi vya Pantone vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Karakana isiyo navyo inaweza kufuata kipande cha kitambaa utakachoipelekea, na kwa fulana za kanisa au shule hilo linatosha kabisa. Zaidi ya hapo eleza vipimo kwa sentimita: upana wa mchoro, na umbali wake kutoka kwenye kola. Neno «kifuani» peke yake limezaa michoro mingi inayokaa tumboni.

Nimeiacha kamati hadi hapa kwa kuwa ndiyo inayonikera kuliko wino. Oda za kwetu mara chache hutolewa na mtu mmoja. Ni kundi, na kundi lina mwenyekiti, mhazini, na watu arobaini wanaotuma saizi zao kwa ujumbe wa sauti. Mmoja anasema M akimaanisha M ya miaka kumi iliyopita. Mwingine anasema «ya kawaida». Mama mkubwa hataki kutaja saizi hadharani, kwa hiyo anaandikiwa L na binti yake kwa adabu, na siku ya sherehe anavaa kitenge chake. Orodha inafungwa Jumatano, Alhamisi wanaongezeka sita ambao michango yao imeingia usiku.

Hawa sita ndio wanaovuruga hesabu. Wakija kabla skrini hazijafunguliwa mezani, wanagharimu fulana sita na wino. Wakija baada ya mzigo kwisha na skrini kuoshwa ili zitumiwe kwa kazi nyingine, wanagharimu maandalizi upya. Kwa hesabu yetu ya mwanzo fulana sita za rangi tatu zinafika shilingi 20,000 kila moja. Mhazini anaona ametapeliwa, fundi anaona ametukanwa, na wote wawili wana haki ya kuona hivyo kwa kuwa hakuna aliyemweleza mwenzake. Njia ni kuagiza fulana chache za ziada tangu mwanzo, nyingi zikiwa za saizi kubwa, maana mdogo huweza kuivaa fulana kubwa, na ndogo haimwingii mkubwa. Ziada hizo pia zinafidia zile moja mbili zinazoharibika mezani, jambo la kawaida katika kazi ya mkono. Fundi aseme mapema zikiharibika ni za nani.

Na saizi zisikusanywe kwa herufi. L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine, na fulana nyingi zinazoingia kutoka Asia zimekatwa ndogo kuliko tulivyozoea kwenye mitumba ya Ulaya na Marekani. Chukua fulana moja ya kila saizi dukani, ilaze, pima upana chini kidogo ya kwapa, tuma vipimo kwenye kundi, kila mtu alaze fulana yake anayoipenda nyumbani na kulinganisha. Kwa harusi, afadhali zaidi ni kuzipeleka zile fulana za mfano kwenye kikao cha kamati watu wajaribu. Kikao kitachangamka na mama mkubwa atapata saizi yake bila kuitaja.

Muda hauhitaji maneno mengi. Kuchapa fulana mia za rangi mbili ni kazi ya siku moja kwa mafundi wawili wenye meza nzuri. Kinachokula siku ni kukubaliana mchoro, kupata fulana pleni za rangi moja kwa saizi zote, na foleni. Aprili nzima karakana za Dar zinafanya Mei Mosi. Julai kuna Sabasaba, Agosti Nane Nane, Novemba na Desemba kuna mahafali na harusi za watu wa likizo. Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, imefuatwa na mbio nyingine chungu nzima, na kila moja ina vikundi vinavyotaka sare zake. Msiba ndio usiopangika. Fulana zinatakiwa kesho asubuhi, na hapo DTF imeokoa familia nyingi. Kwa mengine yote, mteja anayeingia siku nne kabla na kuambiwa «njoo keshokutwa, mama, zitakuwa tayari» ajue amepewa jibu la adabu.

Malipo ya kawaida ni nusu kwanza na nusu wakati wa kuchukua. Ni utaratibu mzuri. Fundi ananunua fulana kwa pesa yako, wewe unabaki na kitu cha kushikilia. Kinachokosekana ni karatasi. Sheria za mauziano ya bidhaa za Tanzania (Sura ya 214) na Kenya (Sura ya 31), ambazo zote zilifuata sheria ya Uingereza ya 1893, zinasema mkataba wa bidhaa za shilingi 200 au zaidi hauwezi kudaiwa mahakamani bila mojawapo ya mambo haya: mnunuzi awe amepokea sehemu ya bidhaa, awe ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au pawe na maandishi yaliyotiwa saini. Kiwango hicho cha shilingi 200 leo kinachekesha, lakini maana yake kwa mteja ni kubwa: advansi uliyotuma kwa M-Pesa si hela tu, ni ushahidi kwamba mkataba upo. Sheria hizohizo zinadai kwamba bidhaa zilizouzwa kwa sampuli zilingane na sampuli. Ile fulana uliyoifua nyumbani, basi, usiivae. Itunze mpaka mzigo wote uhesabiwe.

Lakini ushahidi wa kuwapo kwa mkataba hausemi mkataba ulikuwa wa nini. Ujumbe mmoja mrefu wa simu unatosha: aina na uzito wa fulana, rangi yake, idadi kwa kila saizi, mchoro wenye vipimo, rangi za wino, siku na saa ya kuchukua, bei na iliyolipwa. Mwisho ungoje fundi ajibu «sawa». Taasisi inayohitaji risiti ya kodi iseme kabla ya kupewa bei, kwa sababu bei inayotajwa mlangoni mara nyingi haina VAT, na asilimia 16 ya Kenya au 18 ya Tanzania Bara si kitu cha kushtukizwa nacho dirishani.

Limebaki suala la michoro ya watu. Nembo ya Simba, ya Yanga au ya Gor Mahia ni mali ya klabu, na kuichapa kwa ajili ya kuuza bila idhini ni kosa hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Wachapaji wengine sasa hukataa, na wana haki. Kwa mchoro uliochorwa na fundi kwa ajili yako, sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa haki aliyeagiza na kulipia kazi, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kokote uliko, lipia uchoraji kando na uchukue faili lako. Mwakani utakapotaka fulana nyingine, hutakuwa mfungwa wa duka moja.

Kwa walioko Kenya, katiba imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na unaofuata unaangukia tarehe 10 Agosti 2027. Kuanzia robo ya pili ya mwaka huo fulana pleni zitapanda bei na mafundi wazuri watakuwa wameshikwa na vyama. Mwenye harusi, mahafali au mbio za hisani katika miezi hiyo anunue fulana zake kufikia Februari, azihifadhi, na alipie skrini mapema.